Kimya Si Sifuri

Jumapili, 2 Machi

Sijaandika shajara tangu nilipokuwa shule, na ile ya shule kaka yangu aliisoma kwa sauti mbele ya wageni, wakacheka mpaka chai ikawapalia. Kwa hiyo nilikuwa nimeapa. Lakini Msimamizi wa mradi ametuomba sisi sote tunaojitolea tuweke kumbukumbu za masika haya: vipimo vimefanya nini, mvua imekuwaje. Nitaandika. Ila najijua, nikishika kalamu huwa siachi, kwa hiyo kati ya vipimo na mvua kutakuwa na umbea pia.

Nieleze kwanza, maana hata kazini kwangu wanadhani nacheza michezo ya kompyuta. Kuna vipimo vimefungwa kwenye nguzo za madaraja kando ya mto wetu, na mito mingine mingi ambayo sijawahi kuiona. Kila baada ya muda mfupi kipimo kinatuma kina cha maji. Programu yetu inasoma, na maji yakipanda kupita kiasi, inapiga king'ora kwenye simu za watu wanaoishi chini. Programu ni huria. Hakuna mwenyewe. Yeyote anaweza kuisoma mstari kwa mstari, akiona kosa alirekebishe na kuleta marekebisho yake, yakaguliwe, yapitishwe. Hakuna anayelipwa. Mimi mchana nafanya kazi ofisi ya bima, na huu mradi naufanya alfajiri kabla ya kazi na saa ya chakula.

Niliingia kwa sababu moja tu: Mama anakaa bondeni, mtaa wa mwisho kabla ya mto, na hataki kuhama.

Leo nilimwonyesha ukurasa wenye majina ya waliochangia. Langu liko chini karibu na mwisho. Akaligusa kwa kidole, akauliza kwa nini wenzangu wana picha na mimi sina, kwani mimi sina sura? Kisha akanipokonya simu akaenda nayo kwa jirani yake, fundi cherehani, amwonyeshe. Walikaa nayo huko hadi ikazima.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Vipimo vyote vizima. Meneja wangu ana mafua na hasira.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimeona kitu kimenikata maini.

Mvua ilianza asubuhi, si ya mchezo. Saa ya chakula nikafungua ukurasa wa mto wetu. Mchoro wa kipimo cha daraja la juu ulikuwa unapanda, unapanda, halafu ghafla ukaanguka mpaka sifuri. Sifuri kabisa, kama mto umekauka. Na mimi niko dirishani naona mvua inavyopiga barabara!

Nikaingia kwenye msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, kutafuta. Takataka bila shaka zilikuwa zimekifunika kipimo, kikanyamaza. Na programu yetu, ikikosa jibu, inaandika sifuri. Yaani kipimo kikizama, kikisombwa, kikifa, sisi tunawaambia watu mto hauna maji. Mstari huo umekaa hapo miaka, watu wameupita wakienda na kurudi.

Safari hii maji hayakufika kwenye nyumba. Jioni nilipomweleza Mama, alisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikamwambia ndicho ninachokwenda kufanya.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeziba ufa. Si kazi kubwa: kipimo kikinyamaza wakati maji yalikuwa yanapanda, usiandike sifuri, piga king'ora. Kimya si sifuri. Nimeandika hivyo hivyo, kwenye maelezo juu ya mistari yangu, asije mtu akajifanya hajui. Nimetuma kwa Msimamizi nikalala usingizi wa watu wema.

Jumatano, 12 Machi

Msimamizi amerudisha. Maoni yake ni marefu kuliko kazi yenyewe. Majina niliyochagua hayaeleweki. Niigawe kazi vipande viwili. Niweke jaribio la kuthibitisha. Halafu nipitishe rekodi za masika yote ya mwaka jana ndani yake nione king'ora kingelia bure mara ngapi, kwa sababu, anasema, kikilia bure mara mbili, mara ya tatu watu hawatainuka.

Simjui huyu mzee. Sijui hata kama ni mzee. Hana picha, anaandika kama karani wa mahakama, na nasikia ndiye aliyeandika nusu ya programu hii peke yake. Labda ndiyo maana inamuuma mtu akigusa. Nimekasirika hadi nikaunguza chai, na chai si kitu cha kuungua.

Kobe amenituliza. Kobe ni mwenzetu mradini, hilo ndilo jina analotumia, na anafanya kila kitu kwa kasi, ndiyo utani wenyewe. Ameniandikia kwamba Msimamizi angekuwa daktari, mgonjwa angezikwa na cheti safi kabisa. Nimecheka peke yangu ofisini mpaka meneja akatoa kichwa.

Jumapili, 16 Machi

Nilikwenda kusuka. Msusi wangu ni binti wa yule fundi cherehani jirani ya Mama. Ana chumba kilimani, mbali na maji, kioo kimoja kikubwa na viti viwili. Tumekua pamoja, kwa hiyo anavuta nywele bila huruma na kusema anachotaka.

Nikiwa nimekaa, Fundi, mama yake, akaingia ameloa, na kichwa cha cherehani begani, kimefungwa kwenye shuka kama mtoto. Hivyo ndivyo afanyavyo. Wingu likikaa vibaya tu, anakifungua kichwa cha cherehani mezani, anakibeba, anapanda nacho kwa binti yake, mvua ikikata anashuka nacho. Mtaa mzima wanamcheka. Mama anamwambia siku moja mgongo utamkatikia njiani na cherehani itapona. Yeye anajibu kwamba mgongo ni wake, lakini cherehani ndiyo inayomlisha.

Nikamwambia avumilie kidogo, tunatengeneza kitu, atakuwa anakaa zake hadi simu iseme. Akaniangalia kwenye kioo akasema, "Mwanangu, wewe ukiniambia nitakaa."

Alhamisi, 20 Machi

Nimetuma tena. Vipande viwili, jaribio, majina mapya. Rekodi za mwaka jana pia nimezipitisha, kingelia bure mara moja.

Jumatatu, 24 Machi

Amerudisha tena! Ameona mahali ambapo kipimo kikinyamaza usiku wa mwisho wa mwezi, hesabu ya muda inakosea. Ni kweli inakosea. Hilo ndilo linaloudhi zaidi.

Nikamwandikia mbele ya watu wote kwamba mto hausubiri karani. Nilijua ni utovu wa adabu na nikabonyeza tuma. Alijibu neno moja: "Nasoma."

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Nimerekebisha hesabu ya muda. Bado anasoma.

Ijumaa, 28 Machi

Msimamizi ametuandikia. Mkewe anafanyiwa upasuaji, atakuwa hospitali naye kwa muda asioujua. Amenipa mimi na Kobe funguo za kupitisha kazi. Sharti ni lile lile la siku zote: hakuna kupitisha kazi yako mwenyewe, lazima mwenzako aisome yote kwanza.

Nimeona aibu kidogo kwa yale ya Jumatatu. Nikamtakia mkewe afya. Hakujibu, na safari hii sikumlaumu.

Jumamosi, 29 Machi

Mistari yangu imeingia! Nilimwandikia Kobe kwamba kazi yangu inasubiri, na hata maji ya chai hayajachemka, akawa ameandika "Safi" na kuipitisha. Wiki tatu za Msimamizi, Kobe amezimaliza kwa birika moja.

Kisha akaniambia kwamba naye ana kazi yake kubwa inakuja, ya kusafisha programu nzima, na nisije nikamfanyia ukarani. Mkono mtupu haulambwi, akasema. Nikamjibu nipe nikupe, hamna shida.

Alhamisi, 3 Aprili

Manyunyu. Hakuna cha kuandika.

Jumatano, 9 Aprili

Kimelia. Mungu wangu, kimelia!

Mvua ilipiga tangu asubuhi. Mchana nikiwa kwenye foleni ya mashine ya kunakili, simu yangu ikaanza kulia ile sauti mbaya ya king'ora ambayo mimi mwenyewe sijawahi kuisikia ila kwenye majaribio. Nikafungua ukurasa. Kipimo cha daraja la juu kilikuwa kimenyamaza. Na programu haikuandika sifuri. Iliandika: kimya, maji yalikuwa yanapanda, ondokeni.

Nikampigia Mama, hakupokea. Nikapiga tena, nikapiga tena, nikawa nalia pale pale kwenye mashine ya kunakili na watu wananitazama. Mwishowe akapokea akihema, akasema nimwache, anapanda kilima, atazungumza na mimi akifika. Alikuwa na Fundi. Walikaa darasani kwenye shule ya juu pamoja na mtaa wote, na maji yakaja kweli, yakafika vizingitini, yakalowesha mikeka ya watu, yakarudi. Hakuna aliyeumia.

Jioni nilikwenda. Mama alinishika uso kwa mikono miwili mbele ya watu. Fundi ndiye aliyesema. Alisema simu ililia yeye akiwa bado anajiuliza kama abebe cherehani au la, na kwamba tangu leo habebi tena kitu mgongoni kwa sababu ya wingu. "Sasa nasubiri simu," akasema. "Ikilia napanda, isipolia nashona."

Sijawahi kujisikia mtu mkubwa kama leo. Naliandika bila haya.

Jumapili, 13 Aprili

Mama amewaeleza wauza mboga, wauza mkaa na mtu wa kusoma mita za umeme. Msusi alinisuka akakataa malipo, akasema mama yake sasa anakuja kumsalimia mikono mitupu na anakaa kama mgeni, hana tena haraka ya kurudi. Msimamizi ameandika kutoka hospitali mstari mmoja: amesikia, na amefurahi. Mkewe bado amelazwa.

Jumanne, 15 Aprili

Kazi ya Kobe imefika. Ni kubwa, jamani. Amehamisha mafaili, amebadilisha majina, amekata, ameunganisha, ukurasa baada ya ukurasa, nyekundu kwa kilichofutwa na kijani kwa kilichoongezwa, hadi macho yanacheza. Nilianza kuisoma alfajiri nikafika mahali pa kwanza nikachoka.

Kazini meneja anataka ripoti ya robo mwaka kesho. Mchana Kobe akanikumbusha, kwa upole, kwamba yeye yangu hakuikalia. Majaribio yote, yale yanayojiendesha yenyewe kila kazi mpya ikiletwa, yalikuwa na alama ya kijani ya kufaulu. Kijani ni kijani. Nikateremka hadi chini ya ukurasa, nikaandika "Safi", nikapitisha, nikarudi kwenye ripoti yangu.

Jumatano, 16 Aprili

Ripoti imekwisha. Meneja hakuifungua.

Jumanne, 22 Aprili

Jua siku nne. Mama jicho la kushoto linamsumbua, limekuwa na ukungu. Nimempatia nafasi kliniki, atakuja kukaa kwangu kuanzia Ijumaa.

Jumapili, 27 Aprili

Mama yuko kwangu, jicho limeshafungwa bandeji kliniki. Amepanga upya jikoni, sioni tena kijiko. Mvua imerudi, na redio inasema itaendelea.

Alhamisi, 1 Mei

Nimejaribu kuandika tangu Jumatatu.

Jumatatu mvua ilinyesha bila kupumua. Mama alikuwa kwangu na bandeji kwenye jicho. Mimi nilikuwa kazini, kwenye kikao, meneja amesimama ubaoni. Mama akanipigia, nikatoka mlangoni nusu mwili. Akasema Fundi amempigia, mvua inamtisha, yuko peke yake chumba cha nyuma anamalizia sare za wanafunzi, anauliza kama abebe cherehani apande au akae. Simu yake haijalia. Mama akaniuliza, "Nimwambieje?"

Ukurasa wa mto uko kwenye simu ile ile niliyokuwa nimeishika sikioni. Ningeiondoa sikioni ningeuona. Sikuangalia. Nilisema, "Mwambie atulie, Mama. Ikiwa hatari italia." Nikarudi kwenye kikao.

Simu haikulia. Haikulia ya mtu yeyote mtaa ule. Waliokuwa vyumba vya mbele waliona maji barabarani wakakimbia na watoto. Fundi alikuwa chumba cha nyuma, mvua inapiga bati, cherehani inapiga kelele, simu iko mezani mbele yake ambapo angeiona. Maji yaliingia kwa ukuta wa nyuma. Ukuta ulianguka ndani.

Walimpata Jumanne asubuhi. Msusi ndiye aliyemtambua.

Ijumaa, 2 Mei

Tumemzika. Mvua haikutupisha hata kwa hilo. Mama alisimama na bandeji yake akawaambia watu kwamba ni mtandao uliokatika, kwamba programu ya mwanawe ingemwokoa kama si mtandao, kama ilivyowaokoa wote mwezi uliopita. Watu wakaitikia kwa vichwa. Msusi akaja akanikumbatia akaniambia asante kwa yote niliyojaribu.

Niliuma ulimi. Mtandao haukukatika. Siku ile nilikuwa napokea barua pepe kikao kizima.

Jumapili, 4 Mei

Nimefungua msimbo leo alfajiri. Nilijua kabla sijaona, nadhani nilijua tangu Jumatatu, ndiyo maana nilichelewa kufungua.

Mistari yangu haimo. Kobe alianza usafi wake zamani, kabla yangu haijaingia, akitumia nakala ya zamani. Alipoleta kazi yake akaweka faili lake safi juu ya faili letu, na faili lake lilikuwa na ule mstari wa siku zote: hakuna jibu, andika sifuri. Na jaribio langu, lile alilonilazimisha Msimamizi kuandika, lilibaki kwenye folda ya zamani ambayo baada ya usafi hakuna kinachoisoma tena. Halikushindwa. Halikuitwa kabisa. Ndiyo maana palikuwa na kijani.

Jumatatu ile kipimo cha daraja la juu kilinyamaza, na programu yetu ikawaambia watu wa bondeni kwamba mto hauna maji.

Yote yako wazi, yeyote duniani anaweza kufungua akaona. Siku, faili, mistari iliyofutwa kwa rangi nyekundu, na miongoni mwake ile ya "Kimya si sifuri". Chini yake: limepitishwa na, halafu jina langu. Hakuna namna ya kulifuta, ndivyo tulivyoijenga. Ni jina lile lile Mama aliloligusa kwa kidole.

Ningeisoma kazi ile, ningeliona. Nyekundu ile ni yangu mwenyewe, ningeijua hata gizani.

Jumatatu, 5 Mei

Nimemwandikia Kobe. Akaunti yake haipo. Ameifuta, picha, jina, mazungumzo yetu yote ya utani. Nimekaa nikamchukia mchana kutwa, nikaona raha kidogo. Halafu nikakumbuka kwamba yeye aliandika "Safi" bila kusoma na mimi nikashangilia. Sasa namchukia bila raha.

Jumanne, 6 Mei

Nilimwandikia Msimamizi kila kitu, pamoja na ile simu ya Mama. Alirudisha mwenyewe mistari yangu, akaandika tangazo mbele ya watu wote kwamba kosa ni lake, aliwapa funguo watu wawili waliochoka na hakupaswa. Hakulitaja jina langu.

Kisha akaniandikia faraghani. Miaka mingi iliyopita, kwenye mto wake, alipitisha kazi ya rafiki bila kuisoma. Hakueleza zaidi ya hapo. Aliandika tu: "Ndiyo maana nasoma." Mkewe amefariki Jumapili. Hilo aliliweka mwisho kabisa, baada ya maelezo ya faili gani nisiliguse.

Nami nilimwita karani.

Ijumaa, 9 Mei

Mama halali. Nimemkuta jikoni akijishika mdomo. Anasema mdomo huu ndio uliomwambia mwenzake atulie. Anasema angemwambia panda, angepanda, miaka yote alikuwa anapanda. Nilimwambia asijilaumu. Sikumwambia zaidi. Nilimwacha pale na mdomo wake nikaenda kazini.

Jumapili, 11 Mei

Nimemwambia. Nilikaa naye mezani nikamweleza polepole, kama nilivyomweleza mwaka jana programu ni nini. Kwamba kuna mtu alinipa kazi niisome na sikuisoma. Kwamba alipopiga ile Jumatatu nilikuwa na mto mkononi na sikuutazama. Kwamba maneno yaliyotoka mdomoni mwake yalikuwa yangu.

Alinisikiliza hadi mwisho kwa lile jicho moja. Kisha akasema, "Mimi nilikuuliza wewe kwa sababu unaona."

Akainuka akaosha vyombo vilivyokuwa safi. Hakusema na mimi siku nzima. Wakati wa kulala akanisimamia mlangoni, akasema niende kwa Msusi nikamwambie mwenyewe, asije akaambiwa na watu.

Jumatano, 14 Mei

Sikwenda. Mvua.

Jumamosi, 17 Mei

Sikwenda. Hapakuwa na mvua.

Jumapili, 18 Mei

Nimekwenda.

Alifurahi kuniona. Akanikalisha kwenye kiti, akasema nywele zangu zinatia aibu, akaanza kuzifumua. Cherehani ilikuwa pale chini ya kioo. Waliitoa kwenye matope, ameisafisha kwa mafuta, ameiweka juu ya shuka lile lile. Nilianza kusema nikiitazama hiyo, kwa sababu kwenye kioo nisingeweza kumtazama yeye.

Alikuwa anaendelea kufumua huku nikisema. Msuko mmoja, mwingine. Nilipofika kwenye simu ya Mama mikono yake ikasimama, ikabaki kichwani mwangu. Nilisema hadi mwisho. Nje kulikuwa na watoto wakirushiana maji.

Akauliza, "Ilikuwa ndefu sana, hiyo kazi ya kusoma?"

Nikasema siku moja ingetosha.

"Siku moja," akasema. Akaondoa mikono. Akachukua kitambaa kwenye msumari akanirushia mapajani. "Funga kichwa uende."

Nilitoka nusu ya kichwa imefumuliwa. Hajanitukana, hajanifukuza kwa maneno mengine. Njia nzima nilitamani angenipiga.

Mama alinifumua zile zilizobaki. Haoni vizuri, alinivuta, nikalia, akaniacha nilie bila kuniuliza kama ni nywele.

Jumatano, 28 Mei

Nimewaandikia mradini kwamba narudisha funguo. Msimamizi amekataa. Anasema anayejua uzito wa mlango ndiye wa kuushika, na yeye peke yake hawezi tena. Sijui kama huo ni msamaha au adhabu. Nimezishika.

Mtaani wameshajua. Muuza mkaa aliyenisifu mwezi uliopita leo alinipimia huku akizungumza na mtu mwingine.

Jumapili, 8 Juni

Masika yanakwisha, wanasema, ila leo imenyesha tena.

Kuna mtu mpya mradini, ana haraka na ana akili. Ameleta kazi nzuri ya kuchora ramani, nimeishika tangu Jumatano. Leo ameniandikia mbele ya watu kwamba mradi huu utaozea mikononi mwa wakaguzi. Nimemjibu neno moja. Atanichukia hadi masika mengine, na ni haki yake.

Mama hajarudi bondeni. Nyumba imesimama lakini hataki kupita mbele ya ukuta ule. Anakaa kwangu, juu, ghorofa ya pili, ambapo hakuna mto utakaofika. Hata hivyo mvua ilipoanza mchana alifunga nguo zake kwenye furushi, akalipakata, akakaa kwenye kiti karibu na mlango. Bandeji imetoka. Jicho lile linaona vivuli tu.

Nilikuwa mezani, kazi ya yule mgeni mbele yangu, ukurasa wa mto pembeni.

"Umeangalia?" akauliza.

"Nimeangalia, Mama. Maji yako chini. Vipimo vyote vinajibu."

Mvua ilizidi kidogo, ikapungua. Akalikaza furushi mapajani.

"Angalia tena."

Nikaangalia tena.